Uso Kwanza: Kuchagua Taa za Bendi Inayopiga Kumbi Ndogo

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wanamuziki na mafundi mitambo. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Ndugu wanamuziki, mafundi mitambo, mameneja wa bendi, na ninyi mnaobeba vyombo usiku wa manane ambao majina yenu hayaandikwi kwenye tangazo lolote: wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Leo tunazungumzia taa, na naomba tuanze na swali. Mtu amesimama hatua sita kutoka jukwaani, amewasikiliza saa mbili nzima. Akifika nyumbani akaulizwa mwimbaji yukoje, atajibu nini? Akisema, "Nyimbo tamu, ila sura sikuiona," basi taa zenu hazikufanya kazi. Hazikufanya kazi hata kama zilikuwa 20, hata kama zilizunguka ukumbi mzima na kuchora nyota darini.

Kwa hiyo kuna neno nitalirudia leo mpaka mlichoke: uso. Uso kwanza. Mkiwa na fedha ya taa mbili tu, nunueni za uso. Mkiwa na fedha ya taa nane, za kwanza bado ni za uso.

Ukumbi mdogo ninaousema mnaujua. Dari iko mita 2.5, ikizidi sana 3.5. Jukwaa ni mita 4 kwa 3, au hakuna jukwaa, ni kona iliyoondolewa meza. Ukutani kuna soketi mbili, na moja tayari imeshikwa na friji. Juu hakuna bomba la kutundikia kitu. Mmefika saa moja kabla ya onyesho na mnatakiwa kufunga spika, ngoma na taa ndani ya muda huohuo. Kila nitakachosema kimepimwa kwa ukumbi wa namna hiyo.

Haya. Taa ikae wapi?

Wengi huanza kwa kuuliza wanunue taa gani. Tuanze na mahali pa kuiweka, maana taa nzuri ikiwekwa pabaya humharibu mwimbaji kuliko taa duni iliyowekwa pazuri. Marekani kulikuwa na mwalimu aitwaye Stanley McCandless, aliyefundisha taa za maigizo katika Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1932 alieleza njia ambayo mafundi wa jukwaa wanaitumia hadi leo. Gawa jukwaa vipande. Kila kipande kipate taa mbili kutoka mbele, moja upande wa kushoto na moja upande wa kulia, kila moja ikiwa imeinuka digrii 45 na imekaa pembeni digrii 45. Moja iwe na rangi ya joto kidogo, nyingine ya ubaridi kidogo. Uso unapata upande wa mwanga na upande wa kivuli chepesi, na jicho la mtazamaji linauona kuwa ni uso wa mtu mwenye pua, mashavu na kidevu.

Kwa nini digrii 45? Kwa sababu macho yetu yamezoea jua la saa tatu asubuhi. Weka taa sakafuni mbele ya mwimbaji, kivuli cha pua kinapanda hadi kwenye paji la uso, kama watoto wanaotishana kwa tochi. Iweke juu ya utosi, macho yanageuka mashimo mawili meusi, na aliyevaa kofia hana uso kabisa. Iweke mbele, usawa wa macho yake, uso unabapa kama picha ya kitambulisho, mwimbaji anapofuka asione wasikilizaji wake, na kivuli chake kinasimama ukutani nyuma yake kikicheza naye.

Pigeni hesabu pamoja nami. Uso wa mtu aliyesimama uko kama mita 1.6 kutoka sakafuni. Stendi ikipanda mita 3, tofauti ni mita 1.4. Ili upate digrii 45, stendi isimame mita 1.4 mbele ya mwimbaji. Lakini hapo ndipo watu wanapocheza! Irudishe hadi mita 2, pembe inashuka kufika digrii 35, na bado uso unapendeza. Irudishe hadi mita 3, umebaki na digrii 25, uso unaanza kubapa.

Dari ikiwa mita 2.5 je? Taa yenyewe itakaa kama mita 2.3, na ukiiweka mita 2 mbele yake pembe inakuwa chini ya digrii 20. Hapo urefu umekukatalia, usishindane nao. Tumia upande. Sogeza stendi zote mbili pembeni kabisa, moja kila kona ya mbele, mwanga ukatize jukwaa. Mwimbaji akitazama mbele, taa hazimpigi mbonini. Na jambo jingine linapona hapohapo: kivuli cha maiki. Jaribuni siku moja kusimama karibu na mwimbaji mwenye taa moja tu ya mbele, mtaona kivuli cheusi cha maiki kimekaa kwenye mdomo na kidevu chake wimbo mzima. Taa mbili za pande mbili hufutiana vivuli.

Sasa upana wa mwale. Kila taa huandikwa digrii za mwale wake: 15, 25, 40, wakati mwingine 60. Namba hiyo watu huiruka haraka wakakimbilia wati, na ndiyo inayoamua kama taa itafaa ukumbini kwenu. Kutoka mita 3, mwale wa digrii 15 unachora duara la sentimita 80 tu. Mwimbaji akipiga hatua moja yuko gizani. Mwale wa digrii 25 unachora duara la mita 1.3, unamtosha mtu mmoja asiyetembea sana. Mwale wa digrii 40 unachora mita 2.2, unawachukua watu wawili waliosimama karibu. Taa nyingi za LED za bei ya chini zina mwale mwembamba, kwa sababu mwale mwembamba unaonekana mkali zaidi ukiwashwa dukani na ukutazamwa ukutani. Kwa mbele ya ukumbi mdogo, tafuteni digrii 40. Mkiwa tayari mnazo za 25, bandikeni mbele yake karatasi ya kutawanya mwanga, ile nyeupe yenye ukungu inayotengenezwa kwa ajili ya taa za jukwaani. Mtapoteza ukali kidogo, mtapata uso mzima.

Na ukali wenyewe? Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo. Taa iliyo mita 2 kutoka usoni, ukiipeleka mita 4, inabaki robo ya nguvu yake pale usoni. Ndiyo maana katika ukumbi mdogo hamhitaji matingatinga. Taa bapa ya LED yenye balbu 7 za wati 10 kila moja inatosha kabisa kwa umbali huu, tena mara nyingi mtaiteremsha hadi asilimia 60 ili mwimbaji asikunje uso.

Mbele tumemaliza, twende nyuma. Mpiga gitaa amevaa nyeusi, ukuta nyuma yake ni mweusi, amplifaya ni nyeusi. Mnamwonaje? Taa ya nyuma inampiga mabegani na kwenye nywele, inachora mstari mwembamba wa mwanga unaomtenga na ukuta. Hapa ndipo rangi zenu kali zinapokaa: nyekundu iliyoiva, bluu, zambarau. Mbele rangi tulivu, nyuma rangi kali. Wekeni stendi moja kila upande wa mpiga ngoma, au wekeni taa mbili sakafuni nyuma ya ngoma zikitazama juu kwa mshazari. Angalieni tu zisiwalenge watazamaji wa mbele machoni. Kaeni chini kwenye kiti cha msikilizaji mtazame wenyewe. Ukiona balbu yenyewe badala ya mtu iliyemwangaza, igeuzeni.

Basi kwa bendi ya watu wanne au watano, seti ninayoipendekeza ni taa nane: nne mbele kwenye stendi mbili zenye ubao wa juu wa kushikia, na nne nyuma. Na mpiga ngoma, jamani, msimsahau. Anakaa chini, nyuma ya matoazi, na taa zote za mbele zimelengwa kwa waliosimama. Taa moja ya mbele ilengwe kwake yeye, ipite katikati ya wenzake.

Jambo la pili ni rangi, na hapa kuna kisa kirefu kidogo ambacho kinaeleza kwa nini taa zetu ziko hivi zilivyo. LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilipatikana mwaka 1962. Za kijani zikafuata. Bluu iliyong'aa vya kutosha ilikataa. Miaka 30 ikapita mpaka watafiti watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipoipata, na mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo. Kwa nini ilikuwa kazi kubwa hivyo? Kwa sababu bila bluu huwezi kuchanganya rangi tatu ukapata nyeupe. Bila bluu, taa bapa mnazozibeba mkononi leo zisingekuwepo, na bado tungekuwa tunabeba makopo ya balbu za wati 1,000 yenye plastiki za rangi zinazoungua kwa joto.

Lakini nyeupe inayotokana na nyekundu, kijani na bluu peke yake ina pengo. Katikati ya nyekundu na kijani, pale palipo na manjano na kaharabu, kuna mwanga mdogo sana. Na ngozi ya mtu, hasa ya kahawia na nyeusi, hurudisha zaidi mwanga wa upande wa nyekundu na manjano kuliko wa bluu. Mpigeni mwimbaji mweusi kwa bluu kali ya mbele: mtaona meno, weupe wa macho, na jasho linalong'aa kwenye paji la uso. Uso umemezwa. Mpigeni kwa kijani, anaonekana mgonjwa. Mpigeni kwa kaharabu yenye nyeupe ya joto ndani yake, ngozi inaamka, inaonekana hai.

Kwa hiyo taa za mbele zisiwe za rangi tatu tu. Ziwe na balbu ya nne ya nyeupe, na zikiwa na ya tano ya kaharabu ni bora zaidi. Au mbele mnunue taa za nyeupe ya joto peke yake, kelvini 3,200 hivi, zisizobadili rangi kabisa. Wanamuziki wengi wanaona huko ni kupoteza fedha, taa isiyobadili rangi ya nini? Ni ya uso! Rangi zitatoka nyuma. Kwenye maelezo ya taa nyeupe tafuteni kipimo cha CRI, kinachoonyesha taa inavyotoa rangi za vitu kwa usahihi, kiwe 90 kwenda juu, na kama kipimo cha R9 kimeandikwa, kiangalieni, maana hicho hupima wekundu ulioiva, na wekundu ndio damu iliyo chini ya ngozi.

Mnaponunua, msiridhike kuwashiwa taa ikalengwa ukutani. Nendeni na mkono wenu, kitambaa chekundu na simu. Wekeni mkono mbele ya taa iliyochanganywa nyeupe. Unafanana na mkono wenu? Tazameni kivuli chake ukutani. Kama kingo zake zina mstari mwekundu, mwingine wa kijani, mwingine wa bluu, basi balbu za rangi zimekaa mbalimbali, na vivuli hivyo vya upinde wa mvua vitakuwa kwenye shavu la mwimbaji. Taa ambazo rangi zote zimekaa ndani ya balbu moja, chini ya kioo kimoja, hazina tatizo hilo, au zinalo kidogo sana.

Kisha ipunguzeni polepole hadi kuzimika. Taa duni inashuka vizuri mpaka asilimia 10, halafu inaruka ngazi kwa ngazi na kuzimika ghafla. Wimbo wa taratibu unaoishia gizani utaharibiwa na mruko huo. Kisha ipunguzeni hadi nusu mwangaza, washeni video ya simu. Mkiona mistari myeusi inapanda kwenye picha, ni kwa sababu LED hupunguzwa kwa kuwashwa na kuzimwa haraka haraka. Jicho halioni, kamera inaona. Taa inayowaka na kuzimika mara mia chache kwa sekunde itawaharibia kila video ya mashabiki. Tafuteni inayofanya hivyo mara elfu kadhaa. Na mkumbuke kamera ya simu huzidiwa na bluu kali: uso unakuwa bonge moja la bluu lisilo na pua wala mdomo. Ongezeni nyeupe ya mbele kidogo, uso unarudi.

Jambo la tatu ni taa zinazogeuza vichwa na namna ya kuziongoza taa zote, maana najua ndizo mnazozitaka. Mwaka 1981, huko Barcelona, bendi ya Genesis ilianza ziara ikiwa na taa mpya zilizobuniwa na kampuni ya Showco ya Dallas, Marekani. Zilijigeuza zenyewe, zikabadili rangi zenyewe, zote zikiongozwa kutoka mahali pamoja. Biashara nzima ya taa za jukwaani ilibadilika kuanzia hapo. Lakini ulizeni: zile taa zilikuwa zinaangaza wapi? Majukwaa makubwa, mwanga ukisafiri mita nyingi hewani kabla ya kumfikia mtu. Uzuri wa taa hiyo ni ule mwale unaokata hewa. Kwenye dari ya mita 2.7 mwale unakata nini? Unafika kwenye jicho la msikilizaji kabla haujaonekana.

Kuna mengine. Taa hiyo moja yaweza kuwa na kilo 7 hadi 15, na inapogeuka kwa nguvu juu ya stendi nyembamba, stendi inayumba. Ina feni, na kwenye wimbo wa gitaa kavu feni nne zinasikika. Mwale wake hauonekani bila moshi hewani. Na inahitaji mtu wa kuiongoza. Ikiachwa ijiongoze inazungukazunguka kama mtu aliyepotea njia. Mkiwa na uso tayari, nyuma tayari, na fedha imebaki, nunueni mbili ndogo zikae sakafuni pande za ngoma. Kama uso bado haujapata taa, ziacheni dukani.

Na nani ataziongoza taa zenu zote? Taa karibu zote zina maiki ndogo ndani, zikisikia mdundo zinabadili rangi. Kwa dakika tano inafurahisha. Halafu mwimbaji anaanza wimbo wa msiba, mpiga ngoma anagusa teke la ngoma kubwa kwa upole, na taa zinaruka kijani, pinki, bluu, kijani. Hilo mnalikubali? Wimbo wa taratibu ubaki na rangi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zimeni hiyo maiki.

Tumieni DMX, yaani mfumo wa kuziamuru taa zote kwa kebo kutoka kwenye kidhibiti kimoja. Mfumo huu ulitengenezwa Marekani mwaka 1986, na kebo moja hubeba chaneli 512, yaani njia za amri, kila moja ikiongoza jambo moja la taa, kama rangi au ukali. Anwani ya taa ni namba ya chaneli yake ya kwanza. Taa ya chaneli 7 yenye anwani 1 inachukua 1 hadi 7, inayofuata ipeni 8, kisha 15, kisha 22. Taa mnazotaka zifanye jambo moja daima, kwa mfano zote nne za mbele, zipeni anwani moja tu, mtapunguza kazi. Halafu tengenezeni mandhari sita, zisizidi: ya kuingilia, ya wimbo wa kasi, ya wimbo wa taratibu, ya mpiga gitaa anapopiga peke yake, ya kuzungumza na watu, na ya kumalizia. Katika zote sita, uso unawaka, hata kama ni asilimia 30. Kubadili kutoka moja kwenda nyingine kuchukue sekunde mbili au tatu. Kama hamna mtu wa taa, chukueni kidhibiti cha miguu, akanyage mpiga besi kati ya wimbo na wimbo. Ile swichi ya kuzima zote ghafla ibandikeni tepu, maana siku moja mtu ataikanyaga katikati ya ubeti.

Jambo la nne ni umeme na kebo, na hapa ndipo usiku mwingi unapoharibikia.

Fikirieni bendi ambayo imefunga kila kitu, sauti imejaribiwa, safi. Taa zinawashwa. Gitaa linaanza kunguruma. Mpiga gitaa anageuka kushoto, mngurumo unapungua. Anageuka kulia, unaongezeka. Mmeshawahi kuliona hilo? Sumaku za gitaa, hasa zile za koili moja, ni antena. Dima za zamani za balbu za kawaida hukatakata wimbi la umeme ili kupunguza mwanga, na kila mkato unatoa kelele inayoingia kwenye sumaku hizo. Hata LED zina transfoma ndani zinazotoa kelele kidogo. Dawa yake: taa zipewe soketi ya saketi tofauti na ya sauti kama ipo, kebo ya umeme wa taa isilale sambamba na kebo ya gitaa au maiki, na zikilazimika kukutana zipishane kama msalaba, mpiga gitaa asogee mbali na dima. Halafu nawaomba jambo kwa moyo wangu wote: msikate pini ya waya wa ardhi kwenye plagi ili kuondoa mngurumo. Msikate. Mtu huyo ana nyuzi za chuma mikononi na maiki ya chuma midomoni. Waya huo ndio unaomlinda asiuawe na umeme siku amplifaya ikiharibika.

Hesabu ya mzigo ni nyepesi: jumla ya wati igawanye kwa volti, unapata ampea. Makopo manane ya zamani ya wati 1,000 kwenye volti 230 ni karibu ampea 35. Ukumbi mdogo hauna hizo. Taa nane za LED za wati 70 ni wati 560, yaani ampea 2.4. Kwenye volti 120 ni karibu ampea 4.7. Nafuu kubwa. Lakini mashine ya moshi inawadanganya watu. Hiyo peke yake yaweza kula wati 1,000, na haili muda wote: inapasha joto, inatulia, inapasha tena. Fyuzi inaweza kukata katikati ya wimbo wa tatu wakati hakuna aliyegusa kitu. Ipeni soketi yake. Na LED zote zikiwashwa kwa mkupuo huvuta umeme mwingi sana kwa sekunde ya kwanza, kwa hiyo washeni kwa mafungu. Tena taa hizi za LED zisiunganishwe kwenye dima hizo hata siku moja, zaweza kuharibika.

Kebo ya DMX inafanana na ya maiki, na mtu atawaambia ni kitu kimoja. Kwa taa mbili na mita 5 huenda ikakubali. Ongezeni taa na urefu, taa ya mwisho inaanza kutetemeka na kubadili rangi ovyo, kwa sababu kebo ya maiki haina ukinzani uleule wa omu 110 hadi 120 ambao data inautaka, na data inagonga mwisho wa kebo na kurudi. Nunueni kebo za DMX. Pitisheni taa hadi taa kwa mstari mmoja, msigawe kwa kiunganishi cha panda. Kwenye taa ya mwisho chomekeni kizibo chenye rezista ya omu 120 kati ya pini ya 2 na ya 3. Fundi anakitengeneza kwa dakika tano. Mstari mmoja usizidi taa 32. Taa zikigoma, chomoeni zote, anzeni na ya kwanza, ongezeni moja moja; ile inayovuruga, au kebo inayoingia kwake, ndiyo yenye ubovu.

La mwisho ni uhai wa watu, na hapa sitacheka.

Tarehe 20 Februari 2003, katika mji wa West Warwick, jimbo la Rhode Island, Marekani, bendi ilipanda jukwaani kwenye klabu ndogo na fataki za cheche zikawashwa. Cheche zilishika sponji iliyobandikwa ukutani kuzuia sauti. Moto ulienea kwa dakika chache, watu wengi wakakimbilia mlango mmoja waliouzoea. Walikufa watu 100. Ukumbi mdogo, ndugu zangu. Ukumbi kama wetu. Cheche na moto wa aina yoyote visiingie kwenye kifurushi chenu cha taa. Na stendi zenu zisikae kwenye njia ya mlango, wala mwanga wenu usifiche alama ya kutokea.

Disemba 1997, Japani, kipindi cha katuni ya Pokémon kilionyesha nyekundu na bluu zikipishana kama mara 12 kwa sekunde. Watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali. Mmwekomweko wa kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde ndio hatari zaidi kwa mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga. Miongozo ya Uingereza inashauri taa za kumweka zisizidi mara 4 kwa sekunde. Strobu yenu itumieni sekunde chache tu, na mlangoni pawe na tangazo. Leza nazo msizielekeze kwa watu. Zinaumiza macho, na zinaua kamera za simu zao.

Moshi mzito unajaza ukumbi wa dari fupi ndani ya dakika na unaweza kuamsha king'ora cha moto. Mashine ya ukungu mwepesi ni bora, lakini ulizeni mwenye ukumbi kwanza ana vitambuzi vya aina gani. Stendi: soma uzito inaobeba, tanua miguu hadi mwisho, weka mfuko wa mchanga mguuni, na kila taa iwe na waya wa usalama uliopita kwenye fremu yake na kwenye ubao wa stendi. Klampu ikilegea kwa mtikisiko wa besi, waya huo ndio utakaoishika taa isimwangukie mtu. Kebo za sakafuni bandikeni tepu ya kitambaa urefu wote, si kwenye ncha tu.

Sasa naomba tuzime taa za ukumbi huu. Pale mbele kuna stendi mbili, taa nne, zimelengwa kwenye ile alama ya tepu sakafuni. Njooni mmoja mmoja, msimame kwenye alama, na waliobaki mtazame uso wa mwenzenu. Tutaanza na mita 2, digrii 35. Halafu tutazirudisha nyuma hadi mita 3, kisha tutabadili kaharabu kuwa bluu, mjionee wenyewe anavyopotea. Wapiga ngoma, leteni kiti, mtakuwa wa kwanza.